Mstari Uliokosekana

Wasifu wa mdogo wangu ulikuwa na mistari 11. Niliuandika mwenyewe usiku wa kuamkia mazishi, nimekaa kwenye mkeka jikoni kwa mama, Lulindi, kwa kalamu ya kuazima. Mjomba alisimama mlangoni akasema, "Wewe ndiye mwenye kazi ya maneno. Andika." Nikaandika. Kwamba alizaliwa mwaka 1995. Kwamba alisoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, akaendelea hadi kidato cha nne. Kwamba alijishughulisha na kilimo cha korosho na kusafirisha abiria kwa pikipiki. Kwamba ameacha mama na dada mmoja. Mstari wa mwisho ulikuwa ule ambao kila wasifu wa marehemu huishia nao.

Kesho yake ukasomwa mbele ya watu. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu tarehe zilikuwa sawa, majina yalikuwa sawa na koma zilikuwa mahali pake. Mimi peke yangu nilijua kwamba umekosa mstari mmoja. Mdogo wangu alikuwa akiandika riwaya. Sikuutaja uandishi wake kwa sababu sikujua niseme nini juu yake, na sikujua kwa sababu madaftari yake manne yalikuwa juu ya kabati langu Dar es Salaam, ndani ya bahasha ya kaki, miezi 10, sijayafungua.

Ilikuwa Novemba 2021, katikati ya msimu wa korosho.

*

Wakati ule nilikuwa msomaji prufu. Msomaji prufu hukaa na kurasa za watu wengine akitafuta herufi iliyoruka, nafasi iliyozidi, jina lililoandikwa kwa namna mbili katika sura moja. Akifanya kazi vizuri, hakuna anayejua kwamba alikuwepo. Nilikuwa nasoma kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na nikifika nyumbani sikutaka kuona neno lililoandikwa, hata kwenye pakiti ya chumvi.

Mdogo wangu alilijua hilo, ndiyo maana alianza kwa adabu. Kwanza alinitumia picha za kurasa kwa WhatsApp, zimepigwa jioni, kivuli cha kichwa chake kimeangukia nusu ya maandishi. Nikamwambia sioni vizuri. Januari akayatia madaftari yenyewe kwenye bahasha, akayapeleka stendi ya Masasi, akamkabidhi kondakta wa basi. Siku ile ile akanipigia. "Dada, mzigo wako unakuja. Usiusome haraka. Ila usome."

Nikamwambia wikiendi. Wikiendi hiyo kulikuwa na kikao cha harusi. Iliyofuata niliumwa kichwa. Baadaye akaacha kuuliza. Akawa ananisalimia tu, halafu anakaa kimya kidogo kwenye simu, kimya cha mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka. Nilikuwa nakumbuka. Kile kimya nilikijaza kwa kuuliza habari za mikorosho, na kama mama amepata salfa ya kupulizia.

Kulikuwa na hofu pia, na hii sikumwambia mtu. Nilihofia kwamba riwaya ingekuwa mbaya. Mswada mbaya wa mtu nisiyemjua ulikuwa kazi tu. Ningeusahihisha, ningelipwa, ningeusahau. Mswada mbaya wa mdogo wangu ningeufanya nini? Nikaona heri ubaki juu ya kabati, mahali ambapo unaweza bado kuwa mzuri.

Aligongwa na gari la mizigo usiku, akitoka kumshusha abiria, kwenye barabara ya Newala.

Sheria ya kazi inampa mfanyakazi siku 4 za likizo anapofiwa na ndugu yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Masasi ni siku nzima ya basi, na kurudi ni siku nzima nyingine. Nilimzika, nikalala usiku mmoja kwenye matanga, nikapanda basi. Usiku niliofika nilivuta kiti, nikaishusha ile bahasha.

Yalikuwa madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kwenye jalada la kwanza aliandika neno RIWAYA kwa herufi kubwa, chini yake jina lake na namba ya simu, na maneno "likipotea, piga". Ndani ya jalada kulikuwa na orodha iliyoanza hivi: "Dada niangalizie." Ni hitilafu au itilafu? Ni dhamana au zamana? Mtu akiwaza moyoni, unaweka alama za kunukuu au huweki? Maswali yalikuwa 14. Niliyajibu yote kwa penseli, saa nane usiku, moja baada ya jingine, kama vile yupo sebuleni anasubiri.

Kisha nikaisoma riwaya mpaka kulipokucha.

Dereva wa bodaboda anagongewa mlango saa kumi alfajiri. Mtu asiyemjua anampa gunia lililofungwa kwa kamba, anamlipa nauli mara tatu, anamwambia alifikishe Newala na asilifungue. Basi. Riwaya nzima ni safari hiyo. Kila kijiji wanachopita kina mtu mwenye dhana yake kuhusu gunia. Wengine wanasema ni korosho za kangomba, zile zinazonunuliwa kwa mkulima mwenye shida, kwa bei ya njaa, nje ya chama cha ushirika. Askari anasema yake. Bibi mmoja anayeuza mabibo analigusa gunia, anarudisha mkono haraka, hasemi kitu. Mwisho dereva anapanda mlima, anafika Shimo la Mungu, pale Newala ambapo uwanda wa Wamakonde unakatika ghafla na unaliona bonde la Ruvuma mpaka ng'ambo ya Msumbiji. Anazima pikipiki. Anashika kamba ya gunia. Hapo sentensi inakatika. Haina nukta. Daftari la nne lilikuwa limebakiza kurasa sita tupu.

Riwaya haikuwa mbaya. Ilikuwa na makosa mengi, na haikuwa mbaya.

*

Niliacha kazi Machi 2022. Watu hupenda kusikia kwamba mtu aliacha kazi kwa ujasiri. Mimi niliacha kwa sababu nilikuwa siwezi tena kuisoma sentensi ya mtu mpaka mwisho, na kwa sababu mama alibaki peke yake na shamba. Nilirudi Lulindi na kompyuta, godoro, na madaftari manne.

Lulindi iko wilaya ya Masasi, chini ya uwanda. Ukitazama upande wa Newala unauona mlima umelala kama ukuta; ukitazama upande wa Masasi mjini, majabali. Nilianza kuipiga chapa riwaya kwenye chumba cha mbele, nikafanya kama nilivyofundishwa. Alipoandika "akanambia" niliweka "akaniambia". Alipoandika kwamba pikipiki ilikohoa, niliandika kwamba injini ilipata hitilafu, nikafurahi kwamba sasa najua anavyotaka neno hilo liandikwe. "Tukaenda, tukaenda, tukaenda" nikaifanya "tukasafiri kwa muda mrefu". Kangomba nikaibadilisha kuwa "ununuzi usio rasmi wa korosho", nikimfikiria msomaji wa Arusha au Mombasa ambaye hajawahi kulisikia neno hilo. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa na mswada safi kabisa. Kazini wangenisifu.

Jioni moja nikamsomea mama. Alikuwa barazani anachambua mbaazi kwenye ungo. Nilisoma sura tatu. Hakunikatisha. Nilipomaliza akapepeta mara mbili, tatu, halafu akauliza, "Maneno mazuri. Nani kaandika?"

"Si mdogo wangu, mama."

"Hapana. Huyu kasoma chuo. Huyu hajawahi kusukuma pikipiki kwenye mchanga."

Sikujibu. Akaendelea kuchambua mbaazi, akasema bila kuniangalia, "Mdogo wako hakuwa mtu wa kusafiri kwa muda mrefu. Alikuwa anaenda, anaenda, anaenda."

Nililia usiku ule kuliko nilivyolia msibani. Miezi 10 sikumsoma, na nilipomsoma hatimaye, nilimfuta. Nilifanya hivyo kwa upendo na kwa ustadi, na bado nilimfuta. Kesho yake nilifungua faili jipya, nikaanza tena kutoka daftari la kwanza. Safari hii kila badiliko nililisoma kwa sauti kwanza. Tahajia aliyoniuliza mwenyewe nilisahihisha, maana alitaka. Nukta na koma niliweka pale ambapo msomaji angejikwaa. Pikipiki ikarudi kukohoa. Kangomba ikabaki kangomba, na msomaji wa Arusha ataielewa ukurasa wa pili, kama sisi tunavyozielewa theluji na treni za chini ya ardhi kwenye vitabu vya wengine.

*

Tangu jioni ile nikawa nafikiria maneno mangapi ya watu wa huku yamepita mikononi mwa wengine kabla ya kuwa kitabu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar. Steere huyo alikuwa mtu wa vitabu: alikusanya hadithi za Kiswahili kwa masikio yake, akazichapa kwa mashine ya misheni kule Unguja. Mwaka 1906 akapita Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alikaa Masasi, Chingulungulu na Newala akiwa na kamera na fonografu, akawaimbisha watu mbele ya mashine, akaondoka na sauti zao kwenye silinda za nta. Miaka 2 baadaye kitabu chake kikatoka Ujerumani, kwa Kijerumani. Siwalaumu. Bila wao mengi yasingebaki kabisa. Ila nawaza yule mtu wa Newala aliyeimba mwaka ule, kama kuna mtu aliyerudi kumsomea kilichoandikwa, na kama angesikia angesema nini. Labda angesema, huyu si mimi.

Na si kwamba huku hakujawahi kuwa na mhariri. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilaya hii hii ya Masasi, na kabla ya kuwa balozi, waziri na rais alikuwa mhariri wa magazeti: The Nationalist, Uhuru, baadaye Daily News. Tawasifu yake ilitoka mwaka 2019. Alipozikwa Lupaso, Julai 2020, mdogo wangu alishinda siku nzima akibeba watu kwa pikipiki. Jioni alinipigia amechoka na amefurahi. "Dada, kumbe mzee alikuwa mhariri kama wewe." Nikacheka, nikamwambia mimi si mhariri, mimi ni msomaji prufu. Akasema, "Sasa si unaanzia hapo?"

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi kuliko kitu chochote alichowahi kuniambia.

*

Mjomba hakutaka. Kwetu mjomba ana neno katika mambo ya watoto wa dada yake, hai au marehemu, na neno lake lilikuwa fupi: vitu vya marehemu haviuzwi. Nguo ziligawiwa, pikipiki ilirudi kwa mwenyewe, na madaftari yangekaa sandukuni. Nilimweleza kwamba kitabu si kitu cha marehemu, ni marehemu mwenyewe anaongea. Hapo nikawa nimeharibu zaidi. "Basi unamuuza yeye," akasema.

Nilitafuta namna nyingine ya kumweleza, nikaipata kwenye sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mdogo wangu aliishi miaka 26. Kwa sheria, kitabu chake ni mali yake, na cha warithi wake baada yake, karibu mara mbili ya miaka aliyoishi. Nikamwambia mjomba: mtu ambaye hata pikipiki haikuwa yake, ana kitu kimoja chake mpaka mwaka 2071. Mjomba hakusema ndiyo. Alisema, "Muulize mama yako." Mama alishajibu zamani. Alikuwa ametenga fedha za korosho.

Hivyo biashara ilianza kwa kitabu kimoja, na kwa kujifunza vitu ambavyo miaka yote ya kusoma prufu sikuvijua. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, kwa mtandao, na mtandao kwetu unapatikana vizuri ukisimama upande wa barabara. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kurasa za kitabu ni vizuri zigawanyike kwa 16, kwa sababu mtambo huchapa karatasi kubwa inayokunjwa. Kitabu chetu kilifika kurasa 112, na hizo sita tupu za daftari la nne niliziacha mwishoni, tupu vile vile. Mchapaji Dar es Salaam alinipigia kuuliza kama nimekosea. Nikamwambia ndivyo ilivyo.

Kosa lilikuwepo mahali pengine, na lilikuwa langu. Nakala 100 zilipofika Masasi kwa basi, nikafungua boksi pale pale stendi, nikaona ukurasa wa 48 umetangulia wa 47. Mimi, msomaji prufu. Nilikaa juu ya boksi nikacheka mpaka mpiga debe akaja kuniuliza kama niko salama. Kila nakala ina kipande cha karatasi nilichokibandika kwa mkono, kinamwelekeza msomaji asome upi kwanza.

Hesabu ni hii, kwa wanaofikiria kuanza. Nakala 100 kwa Sh5,200 kila moja ni Sh520,000, kabla ya usafiri. Bei ya kuuza Sh8,000. Miezi mitatu ya kwanza niliuza 61, sawa na Sh488,000. Nakala 20 nilitoa bure, shuleni na kwa madereva wenzake. Zilizobaki 19 zilikaa chini ya kitanda. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha biashara yangu kilileta hasara. Nyuma ya jalada niliandika wasifu wake upya, mistari minne tu. Wa kwanza unasema: alikuwa mwandishi.

*

Fundi alinichongea ubao: TUNAHARIRI NA KUCHAPISHA VITABU. Mtu wa kwanza kuja aliuliza kama tunapiga picha za pasipoti. Wa pili alitaka kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Baada ya wiki mbili za kuwaeleza watu kile nisichofanya, nilinunua mashine ya kutoa kopi, iliyotumika, na mpaka leo mashine hiyo ndiyo inayolipa umeme. Nahariri tasnifu za wanafunzi wa vyuo. Nachapa katiba za vikundi vya akina mama. Vitabu vinakuja polepole, na malipo yake huja kwa awamu, awamu ya mwisho mara nyingi ikisubiri korosho ziuzwe.

Wa kwanza kuleta kitabu alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja na kurasa 60, zimeandikwa kwa mwandiko ule wa zamani uliolala upande mmoja, historia ya miaka yake ya kufundisha. Mke wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Katika kurasa 60 mke ametajwa mara moja, akipika chakula cha wakaguzi. Nilimsomea kitabu chake kwa sauti, maana sasa ndivyo ninavyoanza na kila mtu: mwandishi akae, asikilize, mimi nisome. Tulipofika pale kwenye wakaguzi nikauliza, "Mwalimu, na mama alikuwa anasemaje siku hiyo?"

Alinyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akasema ataangalia. Nikadhani nimempoteza mteja. Baada ya wiki tatu akarudi na kurasa 9. Zilikuwa za mke wake tupu: alivyokuwa akichota maji kabla ya alfajiri ili mume aende shule na shati safi, alivyomsahihisha hesabu za mshahara, alivyokataa kuhama. "Nilidhani hizi si historia," akaniambia. Sikubadilisha hata koma moja, ingawa mbili tatu zilistahili.

Na kuna kazi moja ambayo siilipishi. Mtu akifiwa hapa, hata usiku, huja mtoto kunigongea: wanaomba niandike wasifu wa marehemu. Nakwenda na kalamu yangu mwenyewe. Nachukua tarehe na shule na kazi kama kawaida. Kisha nawauliza swali moja ambalo mwanzoni huwashangaza: alikuwa akifanya nini wakati ambapo hakuna aliyemtuma? Wanatazamana. Halafu mmoja anasema, alikuwa anafuga njiwa. Alikuwa anawahesabia watoto nyota. Alikuwa anaimba akiwa shambani, peke yake, na akikuona ananyamaza. Mara nyingi hapo ndipo kilio cha kweli huanza, na mimi nasubiri kiishe, kisha naandika mstari huo.

Biashara yangu imeegemea hapo, ingawa haimo kwenye fomu ya BRELA. Naogopa wasifu wenye kila kitu sawa. Kuna sheria moja tu niliyojiwekea, nimeibandika ukutani mbele yangu: mswada ukiingia ndani ya nyumba hii, haulali siku 7 bila kusomwa. Nikikataa, nakataa nimesoma. Nimewahi kukataa. Mtu mmoja alileta kitabu cha kumtukana jirani yake kwa jina juu ya mpaka wa shamba. Nilikisoma chote siku ya pili, nikamrudishia, nikamweleza kwa nini. Aliondoka amekasirika, ila kwa kitu nilichokisema, si kwa kimya.

Siwezi kusema kwamba biashara imeniponya. Sheria ile ya ukutani haimsaidii yule ambaye ilitungwa kwa sababu yake. Kuna siku nafungua WhatsApp, napanda juu mpaka kwenye zile picha zenye kivuli cha kichwa, na nazikuza, na zinasomeka. Zilikuwa zinasomeka tangu mwanzo.

Kijiweni kwao kitabu kinatembea. Nakala moja wameifunika kwa nailoni, inakaa chini ya kiti cha pikipiki ya yule aliye zamu. Wanabishana kuhusu gunia. Kuna kundi la kangomba na kundi linalosema ni nguo za maiti. Kuna kijana mmoja anayeapa kwamba gunia lilikuwa tupu, na kwamba dereva alijua tangu Lulindi, kwa uzito. Wananipigia simu niwaamulie. Nawaambia sijui. Hawaniamini, wanasema dada mtu lazima ajue.

Mwaka jana, msimu wa korosho ulipoanza, mjomba alikuja nyumbani. Hakununua kitabu siku ile ya kumbukumbu na sikuwahi kumpa. Alikaa barazani, akanywa maji, akauliza hali ya shamba, akauliza bei ya mnada. Alipoinuka kuondoka akasimama kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Ule mzigo," akasema.

"Upi, mjomba?"

"Wa Newala. Alikwambia ulikuwa na nini?"

"Hapana, mjomba. Hakunambia."

Akatikisa kichwa polepole, akavaa kofia. "Mimi nadhani angefungua," akasema. "Yule mtoto asingeweza kuacha." Akashuka ngazi, akaenda.

Niliingia ndani, nikaandika maneno yake kwa penseli kwenye nakala yangu, kwenye ule ukurasa wa kwanza kati ya zile sita. Kisha nikachukua mswada uliokuwa mezani. Ulikuwa siku ya tatu.